Sura ya Nane: Kuvu Chini ya Chumba cha Pasi

"Una mpaka alasiri," Madam Samar alimwambia Rispah pale pale mlangoni. "Wakishaswali tu, Nayifu anampeleka huyu msichana polisi."

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, katikati ya mwezi wa kumi. Rispah akaingia ukumbini na begi lake la kazi begani.

"Amekiri?"

"Angekiri ningekuita? Wewe ni mtu wa kwao, muulize kwa lugha yenu. Dhahabu ya mama yangu iko wapi, halas. Sitaki kingine."

Rispah Adero alikuwa na miaka hamsini na tatu. Kabla ya kuja Riyadh alikuwa sajini wa upelelezi Nakuru, na sasa alisimamia wasafishaji wa kliniki moja ya wanawake. Lakini Madam Samar hakumwita kwa usajini wake. Alimwita kwa sababu Rispah alifanya kazi miaka minane kwa dada yake, Madam Rim, kule Al-Suwaidi, na kwa miaka hiyo yote hakukupotea hata kijiko.

Kilichopotea hapa Al-Malqa kilikuwa sanduku zima. Sanduku la mbao, kubwa kama jiko la gesi, lenye misumari ya shaba pembeni, na ndani yake dhahabu ya harusi ya mama yake madam, mzaliwa wa Balad, Jeddah. Halikuwekwa benki. Liliwekwa chini ya nyumba, kwenye ule uvungu ambao mjenzi aliuacha kati ya ardhi na sakafu ili kupitisha mapaipu, mahali mtu mzima anapoingia kwa magoti. Mlango wake ni mfuniko wa mbao ulioko chumba cha pasi, na chumba cha pasi ndicho alicholala mfanyakazi wao, Selipher, mwenye miezi minne kazini. Jumatano madam aliagiza sanduku litolewe, na halikuwepo. Kilichokuwepo ni kitambaa cha kichwa cha Selipher, kimelala udongoni kule chini.

"Nitamwona," Rispah alisema. "Lakini kwanza nimuulize baba swali moja, na wewe uwepo, madam."

Baba Nayifu, mume wa madam, alikuwa majlisi, sebule ya wageni, amekalia mto, simu mkononi. Hakunyanyua kichwa.

"Baba, wewe sanduku uliliona mara ya mwisho lini?"

"Nimeshasema. Wiki mbili zilizopita. Nilishuka kuangalia pampu."

"Lilikuwa mahali pake?"

"Juu ya mbao zake nne. Nililigusa kwa mkono huu."

"Kwa hiyo wiki mbili zilizopita lilikuwa juu ya mbao, na halikuwa limesogezwa."

"Wewe husikii Kiarabu?"

Rispah akatoa daftari lake la kurasa tisini na sita, akaandika, kisha akamsomea maneno yake mwenyewe pole pole, neno baada ya neno. "Ni hivyo, baba?"

"Ni hivyo. Yalla, fanya kazi yako."

Ghorofani mtoto wa madam akakohoa, kikohozi kirefu cha kukwaruza, na madam akatazama ngazi. "Miezi miwili sasa," alisema. "Madaktari watatu."

Rispah akaliandika hilo pia.

*

Selipher alikuwa amekaa kwenye godoro, mikono katikati ya magoti. Macho yalikuwa yamevimba. Simu yake walikuwa wameichukua tangu Jumatano.

"Auntie, mimi sijui dhahabu. Naapa kwa Mungu."

"Sijakuuliza dhahabu. Kitambaa chako kilifikaje chini?"

"Sijui."

"Selipher."

"Sijui, Auntie. Labda waliniwekea."

Rispah alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi kwa pua. Palinuka kama gunia lililosahaulika mvuani, na huu ulikuwa mji ambao ukianika leso dirishani, kabla hujaweka chai jikoni imekauka. Akapitisha kidole chini ya ukuta, pale unapokutana na sakafu. Kulikuwa na mstari mweupe wa chumvi ya maji, umezunguka chumba chote, kimo cha ukucha kutoka sakafuni. Kwenye kona kulikuwa na tundu la kutolea maji lenye chujio la bati. Nyuma ya mlango lilisimama fagio la raba la kusukumia maji, raba yake imelika mpaka imepinda. Ndani ya kabati kulikuwa na mopu.

"Hapa unapiga deki na nini?"

"Na mopu."

Rispah akaitoa ile mopu na kuigeuza mpini. Karatasi ya duka ilikuwa bado imebandikwa, na nyuzi zilikuwa nyeupe pepepe.

"Hii? Miezi minne?"

Selipher akaangalia magoti yake.

"Mwanangu, baba anaingia msikitini saa tisa. Akitoka, hutaniona tena mimi, utaona maaskari. Sasa niambie hili fagio la raba limelika wapi."

"Madam alikataza maji." Sauti ilikuwa ndogo. "Alisema maji yanaletwa na lori, si ya kumwaga. Na ati mfuniko utaoza. Kwa chumba hiki ni mopu tu, kama yule dada Mfilipino aliyekuwa hapa kabla yangu."

"Na wewe?"

"Auntie, kusema ukweli, wewe utalala kwa sakafu imepanguswa tu? Si ni kuzungusha uchafu! Kwetu nyumba isipomwagiwa maji, haijaoshwa. Mama yangu angenifukuza."

"Ndoo ngapi?"

"Tatu. Nne siku ya Jumamosi. Kabla hawajaamka."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili nilipofika. Mwisho wa mwezi wa sita."

"Na kitambaa?"

"Lile tundu lilianza kunuka. Nikafungua chujio, nikasokota kitambaa, nikaziba. Kesho yake asubuhi hakipo. Nikasema basi, maji yamekibeba."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Niseme nimeziba tundu, halafu waniulize tundu linaloloweshwa na nini?"

Rispah alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Nisikilize. Kwa maji utagombezwa. Kwa dhahabu utafungwa. Nikikuuliza mbele ya baba kuhusu ndoo hizo, utajibu vipi?"

Selipher alifuta pua kwa kiganja. "Tatu," alisema. "Nne Jumamosi."

*

Dereva wa nyumba, Elly, mkubwa wa mwili kutoka Vihiga, ndiye aliyefungua mfuniko. Rispah alifunga nywele kwa mfuko wa plastiki, akavaa glavu na barakoa nene za kliniki, akajifunga tochi kwenye paji la uso.

"Mum, ukikwama huko nifanye nini? Nivute miguu?"

"Vuta, lakini kwa adabu. Na hilo fagio liache. Usifagie kitu humu. Kuvu ikipigwa fagio inapaa hewani, na kuna mtoto mwenye kifua juu yetu."

Akashuka. Hewa ilikuwa ya moto na nzito, kama ya bafu lisilo na dirisha. Kuta za bloku zilitoa jasho. Chini ya tundu la maji udongo ulikuwa matope meusi, na kutoka hapo kuvu ilikuwa imetambaa kila upande: nyeusi kwenye saruji, kijani kwenye makaratasi ya zamani, na juu ya mbao ilikuwa nyeupe, yenye manyoya kama pamba ya mto.

Akainua kichwa, mwanga wa tochi ukapanda. Paipu ya tundu ilikatika shubiri moja chini ya sakafu. Kipande chake kingine kililala chini, kimeelekea upande wa mfuniko, na mdomo wake uliovunjika ulikuwa na mkwaruzo mrefu na alama tatu za kubonyea, zimepangana kwa umbali sawa.

"Elly! Mwaga jagi moja la maji kwenye tundu."

"Jagi zima?"

"Zima."

Maji yakashuka kama kutoka bombani, yakampiga mkono, yakaingia matopeni. Chochote kilichopita kwenye lile tundu, maji au kitambaa, kilianguka hapa. Akapiga picha paipu, matope, na mkono wake uliolowa.

Kisha akatambaa hadi kwenye mbao nne za sanduku. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu zaidi, mpaka Elly akauliza kama amelala. Mbao zilikuwa zimevaa kuvu kutoka ncha hadi ncha, unene ule ule. Katikati haikupungua, pembeni haikuzidi. Alizipima kwa rula ya kliniki mahali sita tofauti, akaandika kila kipimo.

Kando ya hizo kulikuwa na mbao nyingine za aina hiyo hiyo, zenye mikebe ya rangi juu yake. Akanyanyua mkebe mmoja. Chini yake palikuwa na mviringo wa mbao kavu, safi, rangi ya biskuti. Akanyanyua wa pili. Mviringo. Wa tatu. Mviringo. Na baada ya mkebe wa sita ulikuwepo mviringo mwingine usio na mkebe. Huo ulikuwa umeanza kushika vumbi la kijani, jembamba sana, lakini duara lake lilionekana wazi kama alama ya kikombe cha chai mezani.

"Elly, mikebe ya rangi humu ilikuwa mingapi?"

"Saba. Mmoja nilichukua nikapaka geti."

"Lini?"

"Kabla ya sikukuu yao ya taifa. Tarehe ishirini, mwezi wa tisa. Baba mwenyewe alinituma."

Ilikuwa karibu wiki nne. Rispah akaweka rula kando ya mviringo ule akapiga picha. Kisha akarudi kinyumenyume, na Elly akamvuta kwa adabu.

*

Alikunywa chupa nzima ya maji nyuma ya nyumba, kivulini mwa tangi. Kabla ya kupiga simu alimuuliza Elly jambo moja.

"Wewe ulianza kazi hapa lini?"

"Mwezi wa tano. Nilimrithi Dancan. Alikaa miaka mitatu, halafu ghafla akahamishiwa Jeddah, dukani kwa kaka yake baba, huko Balad. Ati wanahitaji mtu wa kubeba mizigo. Dereva mzuri vile, unampa mkokoteni?"

"Nipe namba yake."

Dancan aliitikia simu katikati ya kelele: magurudumu juu ya mawe, watu wakipigiana kelele za kupisha.

"Dancan, ni Rispah wa kliniki. Niko kwa bosi wako wa zamani, Al-Malqa. Kuna sanduku limepotea, na binti wa watu anapelekwa polisi leo."

"Pole yake. Mimi sijui kitu, mathe. Mimi sijawahi kushika sanduku la misumari."

Rispah akahamishia simu sikio la pili.

"Nimesema sanduku. Misumari sijaitaja."

Magurudumu yakasimama. Dancan alipozungumza tena, sauti ilikuwa karibu na simu.

"Mathe, usinichome."

"Mlipolivuta mlivunja paipu ya maji?"

"Ilikuwa nzito ile kitu. Madam alikuwa ameenda harusi. Paipu ililia tu, baba akasema achana nayo, hakuna anayetumia." Akapumua. "Ikama yangu, kibali changu cha kukaa, iko kwa kaka yake. Ukinitaja, kesho mimi ni mtu bila karatasi. Niko na watoto wawili nyumbani Matunda, mathe. Tafadhali."

"Sitakutaja."

"Uniapie."

"Dancan, nimesema."

Akakata simu. Elly alikuwa anamwangalia. Rispah akafuta ile namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa, akaweka simu begini, akamwambia Elly hakuna alichosikia. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Shahidi alikuwa naye, na hakuwa na ruhusa ya kumtumia.

*

Wote walikutana chumba cha pasi, maana ndiko Rispah alikotaka: madam mlangoni, Baba Nayifu katikati na funguo za gari kidoleni, Selipher ukutani.

"Amekiri?" baba aliuliza.

"Amekiri," Rispah alisema, na Selipher akashtuka. "Selipher, waambie baba na madam unavyoosha sakafu hii."

Selipher akasema yote: ndoo tatu, Jumamosi nne, siku ya pili tangu afike, tundu, kitambaa. Madam akapandwa na damu usoni.

"Nilikukataza! Nilikukataza mara ngapi?"

"Umesikia?" Baba Nayifu aligeuka kwa mkewe. "Mwongo. Mwenye kudanganya maji atadanganya dhahabu. Halas, twende."

"Dakika tano, baba. Adhana bado." Rispah akafungua simu, akamwonyesha madam picha ya kwanza. "Tundu hili halina paipu chini. Imevunjika. Kitambaa hakikupelekwa na mtu, kilianguka. Nimemwaga jagi, likanilowesha mimi. Maji yote haya, miezi minne, yanaingia chini ya nyumba yako na hayana pa kutokea. Ndiyo harufu. Na hewa ya huko inapanda kwa tundu hili hili na kwa nyufa za mfuniko. Kifua cha mtoto mimi si daktari, lakini nisingemlaza juu ya kitu hiki hata usiku mmoja."

Madam akaweka mkono mdomoni. Akaangalia picha ya pamba nyeupe juu ya mbao.

"Kuvu hii ililetwa na ndoo zake," Rispah aliendelea. "Kabla yake chumba hiki kilipanguswa tu, kwa hiyo chini kulikuwa kukavu. Hilo ni kosa lake. Sasa angalia. Hapa ni chini ya mkebe wa rangi. Safi, umeona? Palipofunikwa, haikuota. Na huu mviringo, mkebe wake Elly aliuondoa kabla ya sikukuu ya taifa, karibu wiki nne. Bado unaonekana."

"Naona."

"Na hizi ni mbao za sanduku. Nionyeshe, madam, sanduku lilikuwa wapi."

Madam Samar akachukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia.

"Hakuna alama," alisema.

"Hakuna. Nimepima mahali sita. Mkebe mdogo wa rangi umeacha alama ya wiki nne. Sanduku kubwa vile, kama lilikuwa hapo wiki mbili zilizopita, alama yake iko wapi? Sanduku liliondoka wakati mbao ni kavu. Kabla ya ndoo ya kwanza. Kabla msichana huyu hajashuka kwenye ndege."

Funguo kwenye kidole cha Baba Nayifu ziliacha kulia.

"Nani amekuambia mambo haya?" aliuliza. "Umezungumza na nani?"

"Na kuvu, baba."

"Usinifanyie mzaha. Taja jina!"

"Nimeshuka kwa magoti yangu. Picha hizo zina saa na tarehe. Shuka nawe ukaone."

Madam hakuwa anamsikiliza Rispah tena. Alikuwa anamtazama mumewe, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya juu.

"Ulisema uliligusa."

"Labda nilikosea wiki."

"Kwa mkono huo, ulisema. Mwezi wa tano, nikiwa harusini kwa binti ya mjomba, ulienda Jeddah kwa gari. Masaa tisa barabarani, wewe ambaye huendi hata hapo Kharj bila kulalamika mgongo. Nikakuuliza mbona hukupanda ndege. Ukaniambia unapenda kuona jangwa."

"Samar, si mbele ya wafanyakazi."

"Mbele yao ulimwita mwizi."

Adhana ikaanza nje. Baba Nayifu akageukia mlango, na madam hakupisha. Wakasimama hivyo mpaka mwadhini alipomaliza.

"Sawa," baba alisema hatimaye. "Mafi polisi, haendi. Lakini humu halali tena. Ameharibu nyumba kwa maji. Atoke sasa hivi."

Selipher akainamia begi lake kwa haraka. Rispah akamshika bega.

"Usitoke."

"Auntie, ameniachilia!"

"Ukitoka hivyo, kabla hatujafika barabara kuu atabonyeza simu yake aseme mfanyakazi ametoroka. Hapo utatafutwa kila mahali. Kaa." Kisha akageuka. "Baba, kafili wake ni wewe, kibali chake kiko kwa jina lako. Mhamishie kwa mwajiri mwingine kwanza. Madam Rim anatafuta mtu tangu mwezi uliopita."

"Wewe unaniamuru nyumbani kwangu?"

Rispah alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, begi mapajani, kama mtu anayengoja zamu hospitali.

Madam alikuwa ameshampigia dada yake. Maneno yalikuwa machache, ya haraka, ya Kihijazi, Kiarabu cha kwao Jeddah. Alipokata simu alitoa pasipoti kwenye mfuko wa nguo yake, na simu, akampa Selipher vyote viwili. "Rim ametuma ombi la kumhamisha," alimwambia mumewe. "Likubali."

"Na nisipokubali?"

"Nitampigia kaka yangu Jeddah aende dukani kwa kaka yako. Leo. Aangalie kila kitu kilichoko mle ndani chenye misumari."

Baba Nayifu alitazama simu yake muda mrefu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na chumba kilikuwa na baridi. Kidole gumba kikashuka mara moja, kikangoja, kikashuka tena. Kisha akatoka bila kumtazama mtu, na safari hii madam alimpisha.

Simu ya Selipher ikatetema.

"Imeingia, Auntie. Karatasi ya kuhama."

"Usibonyeze kitu. Soma kwanza. Jina la kafili."

Selipher akasoma jina la Madam Rim.

"Sasa soma jina lako. Lote, kama lilivyo kwenye pasipoti. Wakikosea herufi moja, hatutoki humu."

Selipher akaweka pasipoti kando ya simu, kidole chini ya maandishi, akaanza kusoma kwa sauti. Jina la kwanza. La pili. Kwenye jina la baba yake sauti ikamkatika, na Rispah akangoja, hakumsaidia, mpaka alipolimaliza.